Kamba na Mlango wa Mninga

Mama mmoja alikuwa na mlango mzuri kuliko nyumba. Nyumba yenyewe tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, sakafu imetoboka kama mkate uliogombaniwa na kuku. Lakini mlango ulikuwa wa mninga, mzito, umenyooka, na kwa ndani una komeo la chuma. Marehemu mume wake alikuwa fundi seremala, aliuchonga kwa mikono yake, na siku anaupachika alimwambia mke wake, "Huu ukiufunga, haingii mtu." Mama akacheka. Kwani mtaani kwetu nani anafunga mlango mchana? Anayefunga mlango mchana ni mtu mchoyo, au mtu anayekula nyama.

Huyo mama jina lake Bi Sikudhani. Alikuwa anauza barafu za ukwaju. Alikopa, akanunua friji, friji ikawa inagandisha, barafu zinaisha shuleni na stendi, mkopo unalipwa, maisha yanasogea. Siyo maisha ya kujirusha, ila yanasogea. Halafu mvua za mwaka ule zikakaa mno. Nani ananunua barafu na huku anatetemeka? Umeme nao ukawa kama mgeni mwenye haraka, unasalimia unaondoka. Marejesho yakamshinda. Mara ya kwanza akaomba radhi. Mara ya pili akaja Kamba.

Kamba siyo jina alilopewa na baba yake. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa anatembea na kamba ya katani begani, kila siku, hata akienda kunywa chai. Kazi yake kudai. Waliokopesha wanakaa ofisini wanapigwa na feni, yeye ndiye anatumwa. Hana panga, hana rungu, hana hata karatasi. Ana kamba, na guta la kubebea mizigo analoliacha barabarani. Anasimama mlangoni kwako, anapiga hodi ya kusikika mtaa mzima.

Sasa sikilizeni hapa, maana mfano umelala hapa. Kamba alikuwa anatujua. Alijua sisi ni watu wa namna gani. Sisi tukipigiwa hodi, mdomo unajibu wenyewe, karibu, kabla kichwa hakijauliza ni nani. Hilo hatukufundishwa shule, tulinyonya. Na mtu ukishamkaribisha huwezi kumwambia toka. Utampa kiti. Utamwambia samahani mwanangu, leo hata chai sijabandika. Yeye anakaa, anaangalia vitu vyako kama yuko mnadani, halafu anaanza kuongea kwa sauti ya juu, makusudi, dirisha liko wazi.

"Mama wa watu, kabati limejaa vitenge, hela za watu hulipi? Au niite polisi ukalale ndani?"

Huko nje majirani washaanza kufagia sehemu ambazo hazina uchafu.

Aibu ni kitu kibaya, jamani. Njaa unaweza kuilalia, aibu inakuamsha. Mtu anaona bora kitu kiende lakini ile sauti inyamaze. Kwa hiyo anasema, basi chukua. Anasema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Ndivyo ilivyoondoka redio ya Bi Sikudhani. Kamba akaja tena, ikaondoka meza, ile aliyoichonga mume. Kamba alishika huku, yeye akashika huku, wakaitoa taratibu, na yule mama, Mungu amhurumie, ndiye alikuwa anaongoza: "Polepole hapo mwanangu, mguu usije ukagonga." Mwanangu! Akasaidia mpaka kufunga fundo, maana Kamba alikuwa na haraka. Guta likaondoka na yeye kasimama pale, anaaga. Na deni? Alikuwa ameuliza, siyo kwamba hakuuliza. Kamba alimjibu huku anakaza kamba, "Hii ya usumbufu tu, mama. Deni liko palepale." Akarudi ndani. Mlango wa mninga uko wazi, umeegemea ukuta kama mlinzi aliyelala.

Ikabaki friji. Kamba alikuwa ameiangalia ile siku ya meza, akaizunguka, akaigonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti. "Jumamosi," akasema. Basi.

Hapo Bi Sikudhani akaelewa. Redio ikiondoka unabaki na kimya. Meza ikiondoka unakula chini, hakuna aliyekufa kwa kula chini. Lakini friji ikiondoka, hicho unachokula chini unakitoa wapi? Na hilo deni lenyewe unalilipa na nini?

Ndiyo akamkumbuka Asteria.

Asteria ni jirani, msusi, anasuka nywele barazani kwake, mwanamke wa midomo. Mtaa mzima ulikuwa unamsema hana adabu. Kisa? Kamba alienda kwake akapiga hodi. Asteria yumo ndani, anasikika anaosha vyombo, hakuitika. Kamba akapiga tena. Akapiga tena. Akatukana, akasimama juani mpaka shati likalowa, akaondoka na kamba yake vilevile alivyokuja nayo. Majirani wakasema, mtu anabisha hodi hajibiwi, huyu dada kalelewa wapi? Hata Bi Sikudhani alisema. Alisema sana.

Sasa akaenda kwa huyohuyo.

"Shikamoo, Bi mkubwa," Asteria akamwambia bila kuinuka, mikono iko kwenye kichwa cha mteja. "Leo umekuja kunisemea nyumbani kwangu kabisa?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza, mwanangu. Yule kwako anaogopa nini?"

Asteria akacheka, kisha akaacha kusuka. "Kitanda changu unakikumbuka? Kile kikubwa cha mkongo? Yeye alishika miguuni, mimi nikashika kichwani. Tukalala chini mimi na wanangu, nikawa najiuliza, hivi leo nimeibiwa au nimehama? Kulipokucha nikaenda ofisi ya mtaa. Kuuliza tu. Kuuliza hakulipiwi, Bi mkubwa, sisi hatujui."

Akamwambia alichoambiwa. Kwamba kudaiwa siyo kuiba, na mtu hawekwi ndani kwa sababu tu marejesho yamemshinda. Kwamba anayekudai ana haki yake, hakuna anayebisha, lakini haki yake ina njia, na njia yenyewe inapita mahakamani. Akienda huko, na wewe utaitwa, utasikilizwa. Mahakama ikiamua, atakuja mtu wa mahakama, ana amri yenye muhuri, na uongozi wa mtaa una habari. Huyo utamfungulia, hata kama unalia. Lakini mtu na kamba yake tu, huyo ni mgeni kama wageni wengine, na mgeni anaingia akikaribishwa. Akitishia, akisukuma, anayestahili kuitiwa polisi ni yeye.

"Lakini nadaiwa kweli," Bi Sikudhani akasema.

"Unadaiwa. Nimesema hudaiwi? Utalipa. Ila utalipa kwa mkono wako, upewe risiti yako. Siyo kulipa kwa kubebewa nyumba vipandevipande."

Yule mteja mwenye nywele nusu akadakia, "Na ukifunga mlango watu watasema."

"Watasema," Asteria akajibu, akashika kitana. "Mimi wamenisema. Ila friji unayo wewe au wanayo wao?"

Bi Sikudhani akaelewa yote. Ila kuelewa ni kitu kimoja, kufunga mlango ni kitu kingine.

Jumamosi akasikia guta linavyolia barabarani. Akainuka. Ule mlango haujawahi kufungwa mchana tangu upachikwe, na usiku unaegeshwa tu, kwa hiyo alipousukuma bawaba zililia kama zinamlaumu. Komeo limeota kutu, akaligonga na mchi mpaka likaingia. Ndani pakawa giza. Akakaa juu ya kinu, friji inanguruma pembeni yake, na moyo wake unanguruma kuishinda.

"Hodi!"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nawaambia, neno lilishafika kwenye ulimi. Akachukua upindo wa kanga akajiziba, kama mtu anayezuia kikohozi msibani.

"Hodi hapa ndani!"

Kamba mwenyewe akashangaa, maana kwa huyu mama hakuwahi kupiga hodi ya pili. Akausogelea mlango, akauangalia juu mpaka chini. Siku zote anapita hapo, leo ndiyo anauona.

"Bi Sikudhani! Najua umo! Jamani majirani, njooni muone, mama mtu mzima anajificha kama panya! Anakula hela za watu halafu anafunga mlango!"

Fagio zikatoka. Mtaa wote ukawa mchafu ghafla. Na huko ndani kila neno lilikuwa linamchoma yule mama, maana angeweza kuinyamazisha ile sauti palepale. Ilikuwa ni kuinuka tu na kuvuta komeo. Aibu iko upande huu, friji iko upande ule, na yeye kakaa katikati juu ya kinu.

Kamba akapiga hodi ya mwisho, siyo kwa mdomo, kwa ngumi. "Fungua kabla sijakuvunjia heshima!"

Bi Sikudhani akaondoa kanga mdomoni. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeongea na mwanawe:

"Deni nalijua, nitalileta ofisini mwenyewe. Karibu sijasema."

Kamba akaweka bega kwenye mlango, akasukuma. Mninga hata haukumsikia. Akawageukia watu, anatafuta wa kumuunga mkono. "Mmemsikia huyu? Mmemsikia?"

"Tumemsikia," Asteria akajibu kutoka barazani kwake, kitana mkononi. "Na wewe umemsikia. Hodi umepiga, karibu hujapewa. Kwani kwenu mtu anafanyaje hapo?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wengine. Kilikuwa kicheko kilekile ambacho siku zote kinamwangukia mwenye nyumba, ila siku hiyo kilihama. Kamba akasimama kidogo, akairekebisha kamba begani bila sababu, akaenda kusukuma guta lake. Na guta likiwa tupu lina kelele, tulilisikia mpaka linakata kona.

Jumatatu Bi Sikudhani alienda ofisini kwao, Asteria yuko naye. Alipeleka kidogo alichokuwa nacho, akadai risiti. Wakamkaripia, akasubiri. Akauliza redio yake na meza yake vimepunguza deni kwa kiasi gani. Yule wa kwenye feni akaanza kutafuta kalamu, na kalamu iko sikioni kwake. Mwisho wakakubaliana alipe kidogokidogo, kadiri anavyoweza. Redio hajaiona tena. Meza hajaiona. Jua lilirudi, barafu zikaanza kutoka, na mpaka leo analipa. Mimi sijasema mfano huu una muujiza.

Sasa nyie wazazi wangu mnaonisikiliza, nina jambo moja nawauliza, halafu nanyamaza. Kamba alikuwa anakuja peke yake. Hilo tuliliona wote na hakuna aliyeliangalia. Peke yake, na mwili wenyewe mnaujua, mwembamba, upepo ukikaza anashika nguzo. Na mtaani kwetu yametoka makabati, yametoka makochi, vimetoka vitanda vya mkongo na wenye navyo wanaangalia. Kitanda hakibebwi na mtu mmoja. Kila kilichotoka kilibebwa na wawili. Upande mmoja ameshika Kamba, huyo tunamjua. Upande wa pili alishika nani?