Mkasi wa Ikulu

Mmewahi kuona kitambaa kikivuja damu? Huko milima ya Andes, zimwi lilimgeuza mume wa Chaska kuwa picha ya ndege kwenye kitambaa alichokuwa akifuma mkewe.

"Kamilisha pindo zote nne, atatoka," likamwambia.

Chaska akafuma pembetatu, akafuma puma, akafuma ngazi. Ulibaki upindo mmoja tu, wakaja wakubwa wa ikulu.

"Kizuri hiki! Tugawane."

"Waheshimiwa, kwetu kitambaa hakikatwi. Mume wangu yumo!"

"Sori, madam. Oda kutoka juu."

Mkasi ukapita kra, kra, kra. Damu ikachirizika. Chaska hakulia. Alipiga magoti, akaokota nyuzi zilizolowa.

Nyie mliogawana, mmetundika vipande ofisini mkiita mapambo. Vishusheni leo hii, mkamrudishie mwenyewe!