Usukani wa Pelele

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana betri zilikuwa zimeshaanza kuuzwa madukani, Pelele, mnyama mdogo kama sungura, alikaa na watoto wake watano katika pango la mawe. Pango lenyewe kavu, halivuji, jua la asubuhi linafika hadi jikoni.

Jirani yake Faru akalitamani. Mwili wa kujaza uwanja, anatamani pango la Pelele! Akili hizo, wajukuu zangu, msiniulize mimi.

"Jirani," akasema Faru, "nikikutoa kwa pembe watasema naonea wadogo. Tushindane magari ya rimoti Jumamosi, kuzunguka kichuguu cha Mzee Kobe. Atakayeshinda, pango lake."

Angekataa vipi? Pembe ile ilikuwa mlangoni pake. Akakubali.

Gari la Faru lilikuwa jipya, jekundu, la dukani. La Pelele aliliunda mwenyewe kwa kopo la dawa ya viatu, nalo lilikuwa na ugonjwa mmoja: kona halikati. Ukilipeleka kulia, linakwenda mbele, kama mlevi anayetafuta kwao.

"Pinda! Pinda, we!" alilia Pelele jikoni siku ya Alhamisi.

Puu! Ukutani.

"Mama, tutahamia wapi?" akauliza kitinda mimba, anayeitwa Kidevu.

"Hatuhami. Nipe bisibisi."

Akaliinamia. Kumbe mbele kulikuwa kwepesi, magurudumu yanateleza tu. Akasogeza betri mbele, yakashika ardhi. Kisha akarekebisha ule ufito mdogo unaoyavuta, ncha za magurudumu zikatazama nje kidogo, kama miguu ya bwana harusi akipigwa picha. Akajaribu tena.

Chwii! Kona imekatwa!

"Yooo!" watoto wakaruka. "Mama, tena! Tena!"

Mara Pelele akasikia pumzi dirishani. Foo! Foo! Nani mwingine? Na Faru macho yake mnayajua, hayavuki pembe. Hakuja kuona, amekuja kusikiliza.

Pelele akapaza sauti. "Wanangu, siri ya usukani mkali ni kuunoa! Leteni tupa! Ule ufito wa mbele ukiwa mwembamba kama sindano, gari linakata kona kama wembe!"

Akachukua tupa, akakwaruza sufuria. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Mama," akanong'ona Kidevu, "mbona unakwaruza sufuria ya ugali?"

"Shika adabu," akamnong'oneza.

Foo, foo, foo, pumzi zikaondoka mbio.

Jumamosi wanyama wakajaa. Mzee Kobe, mwamuzi, akainua kitambaa. "Moja! Mbili! Haya!"

Vuuuu! Gari jekundu likachomoka. La Pelele nyuma, trrr, trrr, linakula vumbi.

"Anza kufungasha, bibie!" Faru akacheka. "Na hilo kopo lako usilisahau!"

Pelele akaishika rimoti kwa mikono miwili, watoto wote watano wamemng'ang'ania kanga.

Kona ya kwanza hiyo! Faru akakata usukani kwa nguvu zake zote.

Chwak! Ule ufito ukavunjika. Gari likanyoosha moja kwa moja, likapita kati ya miguu ya watazamaji, chubwi! Bwawani.

"Sasa!" Pelele akabonyeza. Chwii, kona ya kwanza! Chwii, ya pili! Chwii, ya tatu! Kikopo kikavuka mstari kikiwa kimeinua gurudumu moja.

"Pango la Pelele!" akatangaza Mzee Kobe.

Faru akaja juu, povu mdomoni. "Mwongo wewe! Ulisema siri ni kunoa! Nimenoa siku mbili, tupa imekwisha meno!"

"Kumbe ulikuwa dirishani kwangu?" akauliza Pelele.

Faru akarudi nyuma hatua moja. Uwanja mzima ukamgeukia.

"Basi pole, jirani," akasema Pelele, akilifuta gari lake vumbi. "Hata mimi nimeona. Umenoa kweli kweli!"

"Umenoa! Umenoa!" uwanja ukalipuka, na Mzee Kobe akacheka hadi akabinuka, wakamgeuza wanyama wanne.

Basi shikeni hili: anayeiba ujuzi dirishani huondoka na neno, maana yake huiacha ndani.