Sultani Mzito na Watoto Wepesi wa Zarkandi

Alikuwepo sultani, na kama hukuwahi kumsikia basi wewe ndiye uliyechelewa kuzaliwa, na jina lake Taimuri bin Sarhani, mwenye kuutawala mji wa Zarkandi, mji wa marumaru na kuba la kioo cha samawati, na soko la manukato ambalo hata punda wake walinukia vizuri kuliko baadhi yenu. Sultani huyo alijaaliwa kila neema, ila alikuwa mwepesi wa kuchoka; mwimbaji akimfurahisha leo, kesho anampigia miayo, na ikawa hivyo mpaka alipofika Fundi Mansabu na watoto wake wa sarakasi.

Sasa sikilizeni desturi ya wanasarakasi wa zama hizo, msije mkanilaumu bure. Mtoto harushwi hewani mpaka aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, "Nirushe." Asiposema, mrushaji hushusha mikono na hakuna wa kumhoji. Mababu waliweka sharti hilo kwa kuwa mtoto mwenye hofu hujikaza hewani kama ukuni, na ukuni ukianguka huvunjika.

Desturi hiyo ilimchosha Fundi Mansabu. Aliwakunja watoto juu ya pipa mpaka migongo ikalia, na akawafunga miguu kisogoni kwa kamba za ukindu, na aliyetakiwa kusimama kwa mikono alitandikiwa miiba ili asithubutu kuanguka. Kisha akishawatenda hayo yote huwauliza kama wako tayari, nao badala ya kusema wanalia. Basi akaenda kwenye kisima kikavu nyuma ya mtaa wa watengeneza ngozi, akasugua pete ya akiki aliyorithi kwa fundi wake, na kisimani akatoka jini Karkashi, mwili wake kama moshi wa kuni mbichi, na pale penye kinywa hapakuwa na kitu, ngozi tupu, laini kama ndani ya kibuyu.

Jini akasema, na sauti aliyosema nayo ilikuwa ya Mansabu mwenyewe, "Bwana wa pete, taja haja yako."

"Nataka uwasemee watoto. Nikiwauliza, jibu wewe."

"Nitajibu. Lakini neno la kuazima lina ujira. Kila nikimsemea mtoto nitachukua chembe ya uzito wake, na nitampelekea yule anayefurahi."

Mwokaji mikate angeuliza mara mbili hapo, na hata mwendawazimu angejikuna kichwa. Lakini ni fundi gani wa sarakasi aliyewahi kusikitika kwa kuwa na mtoto mwepesi? Mansabu akacheka na kumwambia achukue mpaka ashibe.

Tangu siku hiyo mambo yakamnyookea. Fundi akiuliza, "Nirushe" inasikika, tamu na safi, sauti ya mtoto yuleyule, ila midomo ya mtoto imefumbwa na macho yamemtoka. Wakaruka juu, na Sultani akapiga makofi, na akaagiza waruke juu zaidi. Kisha watu wenye macho wakaanza kuona visivyopendeza. Watoto walipita kwenye mchanga wa ua na mchanga ukabaki kama ulivyofagiwa. Walikanyaga madimbwi na maji hayakutikisika. Upepo ukivuma, wapishi walikimbilia kufunga milango, na hakuna aliyetaka kusema kwa sauti kwa nini.

Na Sultani naye akawa anaongezeka uzito. Mwili haukunenepa, la, ungemwona ungesema ni yuleyule. Lakini kiti cha enzi kilipasuka, na farasi wake akapiga magoti chini yake na asiinuke tena. Matabibu wakamkataza samli, wakamnywesha shubiri, wakamwachia tende moja kwa siku, naye akazidi kuwa mzito mpaka akawa anashushwa ukumbini kwa kamba kama kengele.

Katika kundi lile alikuwamo Shekuwe, pande la mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama chini, kurusha na kudaka. Na mdogo kuliko wote alikuwa Zawena, yatima aliyeletwa na mjomba wake mwaka wa njaa kwa ahadi ya kulishwa kasrini. Zamani Zawena akitua mikononi mwa Shekuwe alitua kama kiroba cha mchele. Sasa alishuka polepole, kama ushungi ulioangushwa dirishani. Shekuwe akamwendea Fundi na kumwambia kwamba mtoto huyu hatui tena, anashuka upepo ukipenda.

Mansabu akamtazama kama mtu anavyotazama punda aliyeomba chai. "Mimi nilifungwa kamba mpaka nikatapika damu," akasema, "na ilinifaa, leo nakula na masultani. Wewe umeajiriwa mikono, Shekuwe. Ulimi kaufiche."

Shekuwe hakutosheka. Akamchukua Zawena kando ya mtungi wa maji, akamuuliza kwa upole kama anaumwa. Mtoto akafungua kinywa, akajitahidi mpaka shingo ikatetemeka, na hapakutoka kitu, na nyuma ya mtungi, mahali pasipo na mtu, sauti yake ikajibu kwa furaha, "Nirushe."

Basi ikafika siku ya karamu kuu, alasiri, ukumbi umejaa mawaziri na mabalozi na wake zao. Fundi akauliza, na "Nirushe" ikatoka ukutani, lakini Shekuwe akashusha mikono. Akapigwa bakora mbele za watu na hakuinua mikono. Kwa ghadhabu Mansabu akamnyakua Zawena na kumrusha mwenyewe, na mtoto akapaa, na akapaa, na hakurudi. Akagota kwenye kioo cha kuba kama jani, na upepo ukawa unamsogeza kidogo kidogo kuelekea tundu la hewa lililo katikati, ambalo juu yake kuna mbingu tu.

Watu wakadhani ni mchezo, wakashangilia. Sultani naye akapiga makofi, na sakafu ikapasuka chini yake, na marumaru yakammeza mpaka kiunoni, na pumzi ikambana. Hapo Karkashi akadhihiri katikati ya ukumbi, akasema kwa sauti za watoto wote kwa pamoja, "Ewe Taimuri, unachokibeba kifuani ni watoto. Kila ulipofurahi nilikuongezea."

Sultani akaamuru arudishiwe mtoto uzito wake upesi. Jini akamjibu kwamba amri haimpati, kwani alichokitwaa kwa neno la kusemewa hakirudi ila kwa neno la mwenyewe. Mansabu akakimbilia kupiga kelele, "Zawena, sema unataka kushuka," na kwa mazoea ukuta ukajibu, "Nirushe," na mtoto akasogea tena, na vidole vyake vikagusa ukingo wa tundu.

Sultani Taimuri hakuwahi maishani kumuuliza mtu jambo ila kama chakula kimeiva. Akainua uso, na jasho linamtiririka, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye ninayekuuliza. Unataka nini?"

Kabla mtoto hajajibu, waziri akaanza kumfundisha maneno ya kujibu, na balozi naye akaongeza yake, mpaka Sultani akanyoosha mkono. "Hamkuulizwa nyinyi. Mwacheni."

Wakangoja. Marumaru yalisikika yakilia chini, na Sultani akazama hadi kifuani, na bado akangoja. Na huko juu ikatoka sauti iliyokwaruza, mbaya, kama bawaba yenye kutu.

"Sitaki."

"Hutaki nini, mwanangu?"

"Sitaki kurushwa. Sitaki kamba. Mgongo unaniuma." Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa unacheka."

Sultani akalia mbele ya mabalozi, na uzito ukamtoka kifuani, na Zawena akaanguka kama jiwe. Shekuwe akamdaka, na mkono wake mmoja ukavunjika, naye akakaa chini akicheka na kutokwa machozi, akirudia kumwambia kila mtu kwamba mtoto ni mzito, wallahi ni mzito. Watoto wengine nao wakaulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja akasema lake. Kuna aliyemtukana Fundi tusi ambalo siliandiki hapa kwa sababu nina adabu, si kwa sababu silijui.

Akabaki Mansabu. Sultani akamuuliza naye, "Ulipofungwa kamba ukiwa mtoto, ulitaka?"

"Ilinifaa," akasema Mansabu, na sauti haikuwa yake, ilikuwa kavu, ya kizee, yule fundi aliyemwachia pete. Na visigino vyake vikaacha sakafu. Sultani akarudia swali, kwa huruma sasa. Mansabu alijitahidi, wote waliona alivyojitahidi, na kizee yule akajibu tena kinywani mwake, "Ilinifaa." Shekuwe aliruka kumshika mguu kwa mkono mzima akamkosa. Fundi akapita katika tundu la kuba, na pete ikamdondoka ikavunjika, na jini akatoweka. Watengeneza ngozi wanasema hata leo upepo wa kaskazi ukivuma hulisikia neno lile juu ya mapaa, na huwaingiza watoto wao ndani.

Sultani akamkabidhi Shekuwe nyumba ya mafunzo, na desturi ya mababu ikarudi. Wapo watoto waliobaki kwa kuwa waliipenda hewa, wakawa wanasema "Nirushe" huku wanacheka. Zawena hakubaki. Akapewa nyumba na bustani ya makomamanga, akakua, akamkataa mpwa wa Sultani, akamkataa na tajiri wa hariri, mpaka akaja kumposa Farjalla, mwana wa mpika halua.

Siku ya nikahi kadhi akaja nyuma ya pazia kumuuliza idhini, na mnajua ilivyo, mwali akinyamaza kwa haya huhesabiwa amekubali. Mashangazi wakamfinya ili anyamaze vizuri. Zawena akafunua pazia.

"Kadhi, kimya changu usikihesabu. Niulize tena, nami nikujibu."

Kadhi akakohoa, akauliza.

"Ndiyo, namtaka," akasema, na sauti yake bado ilikuwa na ule mkwaruzo, na hata waliokuwa barabarani waliisikia.

Basi enyi mnaopenda kuwapigia watoto makofi, waulizeni kwanza, na mkishauliza mngoje jibu. Hekaya imetua hapa kwa miguu yake, na wewe uliyeiona nzito, kumbuka ulikuwa unacheka wapi.