Kindi, Kiboko na Nukta Moja

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Pakawa kiu, pakawa mabomba kumi. Mko macho?"

"Tu macho, lete maneno."

Hapo kale, mto ulipokauka, wanyama walichimba kisima kimoja wakakitia mabomba kumi, kila ukoo na bomba lake. Mabomba yalifunguliwa kwa ukurasa wa kompyuta, na mwandishi wa ukurasa alikuwa Kindi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kazi hiyo.

Asubuhi moja wanyama wamejipanga, kila mmoja mbele ya bomba lake, Kiboko akaja, ti, ti, ti. Akamwamuru Kindi afungue bomba la Kiboko peke yake, la sivyo ataung'oa mti wanamolala wanawe. Kindi aliogopa kwelikweli. Wanawe walikuwa hawajanywa maji tangu juzi.

Akaandika kwamba bomba-la-kiboko lifunguke. Akabonyeza, tik. Kimya. Akaandika tena, akabonyeza, tik. Kimya. Kiboko akakoroma. Kindi akasoma maandishi yake polepole, neno kwa neno, mpaka akaona alichosahau: mbele ya jina hakuweka alama. Pasipo alama, kompyuta haijui anayeitwa ni nani.

Alama zilikuwa mbili. Kindi akazifikiria zote mbili, akawatazama wanawe, kisha akauliza kwa adabu.

"Mzee, nikiweka alama ya reli, hii #, na jina la bomba lako, litafunguka hilo moja. Nikiweka nukta na jina la kundi la mabomba, yatafunguka yote. Wataka lipi?"

"Moja litanitosha mimi? Fungua yote."

"Yote, mzee?"

"Yote. Na upesi."

Kindi akaweka nukta, tik. Chururuu, mabomba kumi kwa pamoja. Kiboko akakimbilia la kwanza, Swala akanywa la pili. Akakimbilia la pili, wana wa Kindi wakanywa la tatu. Akakimbilia la tatu, Kobe akanywa la kwanza. Mabomba kumi, mdomo mmoja. Mpaka jua linapanda, Kiboko alikuwa amelowa pua tu.

Akataka Kindi arekebishe kosa. Kindi akausoma ukurasa mstari kwa mstari.

"Kosa nimelitafuta, mzee, silioni. Kompyuta imefanya ulivyosema."

Na kwa kuwa Kiboko mwenyewe alisema "yote" mbele ya wote, aliona haya kugeuza neno lake. Akarudi bombani kwake, akapanga foleni kama wengine.

Hadithi yangu imeishia bombani, aliyekunywa afute mdomo. Funzo lake ni hili: nukta ni kidude kidogo, ipuuzeni tu. Haijapata kumsumbua mkubwa yeyote.