Maji Mdomoni mwa Chinguile

Mwelekezaji mzuri hujaza maji mdomoni. Mnacheka, wajukuu zangu? Haya, methali hii ilianza hivi.

Chinguile alikuwa akiandika programu ya zahanati pale Masasi. Kabla haijatumika, ilipitishwa kwenye majaribio mia mbili, isije ikamwandikia mtoto dozi ya mtu mzima. Majaribio yalitakiwa yapite kwenye mifumo ya kompyuta ya Windows, Linux na Mac, na aliyejua kuyaendesha ni yeye peke yake. Mtu akikwama kidogo tu: "Chinguile, njoo!"

Sasa Jumamosi anaoa, Newala. Bosi wake, Bi Swaumu, akamwambia, "Andika mwongozo wa majaribio. Mtu akiyaendesha bila kukuuliza, nenda kaoe. Akishindwa, huendi popote."

Chinguile akaandika hatua tano kwa dakika kumi. Akazijaribu kwenye Linux yake, zote zikapita. "Mteremko huu!"

Bi Swaumu akamwita Mama Nantembo wa mapokezi, mwenye Windows. Kwa kuwa alilijua domo la Chinguile, akampa yeye kikombe cha maji. "Jaza mdomoni. Usimeze. Yakikutoka, umesema."

Mama Nantembo akasoma kwa sauti. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili: "Washa majaribio kama kawaida."

"Kawaida ya nani, mwanangu?"

Chinguile akavimbisha mashavu kama chura wa masika. Mama akabahatisha, akasonga mbele. Ya tatu: "Ingia kwenye folda ya Chinguile."

"Humu kwangu hakuna Chinguile." Akafikiri. Akafungua akaunti mpya, akaipa jina hilo. "Haya, mimi ndiye Chinguile sasa. Kwa hiyo Jumamosi naoa mimi?"

Puuu! Maji yote kwenye kibodi.

"Umesema," akasema Bi Swaumu.

Siku mbili Chinguile aliandika upya. Kila mfumo akaupa maelezo yake, "kama kawaida" akaifuta, na folda yake akaitoa. Ijumaa asubuhi akajaza maji tena. Mama Nantembo akasoma, akabonyeza, akasoma. Majaribio mia mbili, yote kijani, yamepita! Chinguile akaruka juu bila sauti.

"Meza, bwana harusi," akasema Bi Swaumu. "Utachelewa gari."

Wanasema kesho yake shehe alipomuuliza kama amekubali, aliitikia kwa kichwa tu, mpaka mjomba wake akamfinya.

Basi ukimwelekeza mtu halafu unasimama pembeni ukimwongezea maneno, hujamwelekeza bado. Mwelekezaji mzuri hujaza maji mdomoni.