Mbodze Aliyefagia Mbalamwezi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, asije akasinzia mtu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, paliishi mzazi mpya, Mbodze, mwoga huyo! Mtoto akipiga chafya, anaogopa. Asipopiga, anaogopa zaidi.

Jioni moja, mtoto hajatimiza arobaini, mwezi mpevu ukachomoza. Paa la makuti lilikuwa na tundu. Mbalamwezi ikapenya, ikatua shavuni pa mtoto, tuu! Na watu wa pale waliamini kichanga akilambwa na mbalamwezi hukua punguani.

Mbodze akashika ufagio. Fya! Fya! Akaifagia mbalamwezi. Haifagiliki. Akamfunika mtoto kwa tenga. Mwanga ukapita matunduni, mtoto madoadoa mwili mzima.

"Mamaa! Mwanangu amekuwa kanga!"

Majirani mbio, puku puku! Mavyaa wake mbele.

"Aogeshwe kisimani, mwezi umtoke, sasa hivi!"

"Atakufa kwa baridi, mama!"

"Heri mafua kuliko upunguani!"

Wakamnyakua mtoto, wakatoka naye nje. Mbodze akang'ang'ania mguu.

Hapo akatokea Bibi Nyevu, ajuza ambaye hata leo watu wakikwama husema, "Angekuwapo Nyevu."

"Huko kisimani," akauliza, "kuna paa?"

Wakatazamana. Vichwa vyeupe kwa mwezi, mabega meupe, kama waliomwagiwa tui. Mavyaa akajifunika utosi, mbio upenuni, na wengine nyuma yake, wanasukumana, pu! pa!

"Mnakimbia nini? Mbalamwezi hii si ndiyo mnayopuria mtama? Si ndiyo mnayochezea ngoma? Na nyie wawili mliobanana hapo, si ndiyo mliyochumbiania? Ingekuwa inakula akili, hapa angebaki nani wa kuwinga kunguru shambani?"

Wakacheka. Mbodze hakucheka. Bibi Nyevu akamtwaa mtoto kwa mavyaa, akamrudishia mama yake.

"Hofu ya mzazi haitoki kwa kuchekwa. Mwachiti, panda paa!"

Mwachiti, mumewe, bingwa wa "nitaziba kesho", akapanda. Mbalamwezi ikamulikia kazi. Chomeka, funga. Chomeka, funga. Tundu likazibika.

Ndani giza totoro. Mtoto kimya. Mbodze akatega sikio. Anapumua? Hapumui? Akapapasa, akagusa pua, mtoto akashtuka: "Ngaaa! Ngaaa!" Akanyamaza tena. Je, sasa? Hamwoni!

"Baba watoto! Umeshashuka?"

"Ndiyo nashuka."

"Usishuke! Toboa!"

Basi jamani, kabla hujamwogesha mwenzio mwezi, jitazame mabega.

Hadithi yangu imeishia hapo, Mwachiti yuko juu ya paa. Mwenye ngazi amshushe.