Miche ya Marehemu Ina Kiu

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane Agosti, saa nne asubuhi, mkulima mmoja wa kahawa alipofiwa na mkewe. Gari la kumpeleka hospitali halijafika, mama wa watu alikuwa ameshakata roho.

Wakazika, wakakaa matanga. Siku ya kuanua tanga ndugu wakaja kugawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Mume akakataa.

"Hakuna kugusa hata kanga moja," alisema, "mpaka mwenyewe aje aniambie neno. Yakobo aliota. Danieli aliota. Mimi nimemkosea nini Mungu?"

Hawakujua kinachomla. Asubuhi ile ya Jumanne mkewe alimwomba, "Baba Tusajigwe, leo mwili hauna nguvu. Nisaidie kumwagilia miche." Kitalu kile cha miche ya kahawa kilikuwa cha mkewe, alikipanda kwa mikono yake. Naye akajibu bila hata kugeuka, "Miche yako, mwagilia mwenyewe." Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho kati yao. Wapendwa, mtu anapataje usingizi na neno kama hilo kifuani?

Lakini huyu aliutafuta usingizi. Shemeji yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akimwagilia siku zote za msiba. Matanga yalipokwisha, shemeji akarudi nyumbani kwake, akamwachia mkulima ndoo mlangoni. Mkulima hakuigusa. Alijifungia ndani, akalala mchana na usiku, akivizia ndoto.

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, akamwona. Mkewe amesimama kitaluni, mkono kiunoni, kama alivyozoea. Akamwambia, "Baba Tusajigwe, amka. Miche ina kiu."

Jumamosi shemeji akarudi, akamkuta kitandani.

"Shemeji, amekuja," alisema mkulima.

"Kasema nini?"

"Niamke, miche ina kiu."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikajifunika tena, nimngoje amalize. Hakusema kama amenisamehe."

Ndipo akamweleza habari za asubuhi ile. Shemeji akakaa kwenye kigoda, akacheka kidogo huku machozi yakimlenga.

"Shemeji, wewe umezidi. Kakuomba jambo lilelile ulilomnyima, na unauliza msamaha uko wapi? Mtu aliyekufuta moyoni hakutumi mara ya pili."

Mkulima akainuka, akachukua ndoo. Nusu ya miche ilikuwa imekauka kabisa. Iliyobaki ilikuwa imelegea tu, na kufika jioni majani yalikuwa yamesimama. Jioni hiyohiyo akaruhusu nguo zigawiwe.

Sasa sisi. Tunaomba ndoto, tunaomba maono. Tumsome vizuri Yusufu, mume wa Mariamu. Aliambiwa ainuke amchukue mtoto, akainuka. Hakulala tena kuuliza safari itachukua siku ngapi. Na Petro, maono yake juu ya dari yalipokwisha, wageni walikuwa tayari mlangoni wakimwulizia. Je, wewe uliyefiwa, na mimi niliyefiwa, tumeachiwa ndoo gani mlangoni? Pengine neno tunalolisubiri tulishaambiwa, nasi tukajifunika tena.

Tuinamishe vichwa.

Ee Bwana, wapendwa wetu waliotutangulia tunawaweka mikononi mwako. Walichoka, wapumzishe. Waliomba kwetu tukawanyima, utusamehe. Wafikishie salamu zetu, uwaambie tumeamka. Amina.